Ukuta Haupiki: Miaka Yangu ya Kukadiria Majiko

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kazi kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, cheti cha useremala kwenye bahasha, futi kamba mpya mfukoni, na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mjini Shinyanga, kwenye karakana ya mbao iliyokuwa nyuma ya maduka ya nguo. Mwenye Karakana alikuwa Mwislamu wa asili ya Kihindi, mjukuu wa mtu aliyekuja kununua pamba akabaki. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyekulia kwenye Kisukuma. Alikitazama cheti changu, akanirudishia.

"Nenda nyumbani kwangu, hapo ng'ambo ya barabara," akasema. "Jiko la mama yangu linataka makabati. Pima, uniletee makadirio."

Makadirio, kwa ninyi vijana mnaoanza, ni karatasi inayosema kazi itakula nini kabla haijaanza kula: mbao futi ngapi, plaiwudi shiti ngapi, bawaba jozi ngapi, fomaika ya kufunika meza, skrubu, gundi, msasa, siku za fundi, gari la kubebea, na mwishoni fungu dogo la dharura. Nilikwenda nikapima kuta zote nne, dirisha, mlango, na kona ambazo fundi wa kwanza hakuzipa pembe sawa. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Nikarudi karakana nikiwa nimenyoosha shingo.

Mwenye Karakana alisoma mpaka mwisho. "Nani anapika humo?" akauliza.

"Bi Mkubwa, mama yako, mzee."

"Umempima?"

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Ukuta haupiki, Masanja. Rudi."

Safari hii alikuja pamoja nami. Aliagiza matofali ya kuchoma kutoka kwenye kiwanja cha jirani, akayapanga nguzo mbili, juu yake akalaza ubao, na juu ya ubao akaweka kibao cha chapati na donge la unga. Kisha akamwomba mama yake asukume. Bi Mkubwa alisukuma akiwa ameinama, akinung'unika kwa Kigujarati. Tukaongeza tofali moja kila upande. Akasukuma tena. Tukaongeza jingine. Mara nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo, na mikono inakwenda yenyewe.

"Hapo," akasema Bi Mkubwa.

Mwenye Karakana akahesabu matofali ya nguzo moja, akaandika idadi juu kabisa ya karatasi yangu, juu ya mbao na bawaba zote. Tangu siku ile hakuna makadirio yaliyotoka karakana ile bila mstari huo wa kwanza: Mama, matofali mangapi.

Nieleze kwa nini matofali wakati futi kamba ilikuwapo mfukoni. Kwetu huwezi kuingia kwenye nyumba ya mtu ukaanza kumzungushia mkewe kamba kuanzia kisigino mpaka kiwiko. Utatoka na nundu. Lakini ukimwambia mama akatie mchicha wake juu ya ubao, wewe ukae mbali uongeze tofali, mume anakaa kando na redio yake kwa amani, na mama mwenyewe ndiye anayetoa hukumu. Kazi hiyo tuliiita kumsimamisha mama. Akishasema "hapo," tulishuka matofali mawili kwa ajili ya sehemu ya kuwekea jiko la mkaa, kwa sababu ugali husongwa kwa uzito wa mabega, na sufuria ikiwa juu mpikaji husonga kwa shingo. Mambo haya sikuyakuta chuoni.

Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa mkadiriaji wa karakana, nikizunguka kwa baiskeli, na mjini wakaniita Bwana Matofali. Nilijifunza kwamba mwenye fedha kidogo hupenda kuanza na milango, maana ndiyo wageni wanayoiona. Mimi niliwaambia waanze na meza, na wakipungukiwa waache makabati ya juu, wasiguse bawaba. Bawaba za bei ya chini nimeziona zikidondosha milango ya mninga kabla mtoto wa nyumba hajaacha kunyonya. Nilikuwa mkali katika hilo, na wengine walinichukia, halafu walirudi.

Nilifurahia kazi ile. Lakini nilikuwa naifanya peke yangu, na nyumbani kwangu kulikuwa Mhunze, huko Kishapu, ambako nilimwacha mke wangu, Mama Limi, na binti yetu mmoja. Mwanzoni nilikwenda kila mwisho wa mwezi. Mama Limi alilima pamba na mtama, akafuga mbuzi, na akapikia kwenye kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, macho yamejaa moshi. Nilimsimulia majiko yote niliyoyapima, na wanawake wote waliosema "hapo." Alipenda sana hadithi hizo. Alizijua taratibu zetu kama fundi.

"Baba Limi," aliniuliza siku moja akichochea moto, "Shinyanga nzima imesimama kwenye matofali yako. Mimi nitasimama lini?"

"Mwakani," nikamwambia.

Nilikuwa na nia ya kweli. Niliandika makadirio ya jiko letu kwenye karatasi ya karakana, nikaikunja ndani ya Biblia yangu. Mwaka uliofuata nilikata makabati ya juu ili tuezeke nyumba ya mama yangu bati. Mwaka mwingine nikakata sinki, kwa sababu Limi alikuwa anaanza darasa la kwanza. Kuhusu sinki, Mama Limi mwenyewe alinifariji. Alisema bomba lenyewe halijafika Mhunze, na sinki lisilo na bomba ni beseni lenye kiburi. Tulicheka. Kila nilipoondoka aliuliza swali lile lile, nami nikajibu neno lile lile.

Katikati ya miaka ya tisini Mwenye Karakana alifungua tawi Geita, kwa sababu wenye dhahabu walikuwa wanajenga. Nilihamishiwa huko chini ya Msimamizi wa Tawi, Mnyamwezi mnene wa Tabora, aliyejua kucheka kuliko kujua mbao. Alinipokea akaniambia, "Bwana Matofali, hapa fedha ina miguu. Ikiingia ofisini, mkalishe mwenye nayo upesi."

Alisema kweli. Wateja wetu walikuwa wenye maduara, yaani wamiliki wa mashimo ya dhahabu, ambao Jumatatu waliagiza mbao za mkangazi mtupu na Ijumaa waliomba kurudishiwa malipo ya awali. Nilibuni kwa ajili yao makadirio ya awamu. Awamu ya kwanza ilikuwa meza peke yake, kwa kuwa juu ya meza mtu anaweza kupika hata dhahabu ikikauka. Ya pili makabati ya chini, ya tatu ya juu. Majiko mengi ya Geita yaliishia awamu ya kwanza, na sidhani kama kuna aliyelala njaa kwa sababu hiyo.

Mmoja wa watu hao lazima nimweleze. Alikuwa mwenye duara kutoka Mara, amejenga nyumba ya vyumba vitano, na mke alikuwa bado kwao na watoto. Nikamwambia siwezi kukadiria bila mama kusimama. Alitoka, akarudi na mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye kanga mpya, akasema huyu atasimama. Sikuuliza. Dada yule akakata kabichi juu ya ubao, akasema "hapo," nikaandika, tukajenga. Miezi michache baadaye mke halisi alishuka kwenye basi na watoto wake. Msimamizi wa Tawi alikuwapo akikagua milango, ndiye aliyenisimulia. Mama yule aliingia jikoni, akaweka viganja juu ya meza, viwiko vikapanda mpaka usawa wa masikio. Hakuuliza bei wala mbao. Aligeuka akamwuliza mumewe, "Alisimama nani hapa?"

Nilimsimulia Mama Limi kisa hicho Pasaka ile. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akarudia mara mbili tatu, "Alisimama nani hapa! Alisimama nani hapa!" Ilikuwa Pasaka nzuri. Nakumbuka alinisindikiza mpaka barabarani na mtungi wa maziwa ya mgando.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaisha, kampuni kubwa za migodi zilikuwa zinaingia, na karakana yetu ikapata kazi ya kutengeneza majiko ya nyumba za wafanyakazi kwenye kambi mojawapo. Nikapelekwa kuwa mkadiriaji wa hapo. Bosi wangu mpya alikuwa Mhandisi wa Makazi, kijana aliyesomea ng'ambo, mpole, mwenye kofia ngumu ya njano aliyoivaa hata mezani. Nilimpelekea fomu zetu. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hii ni nini, fundi?"

"Kimo cha mama, mheshimiwa. Tunamsimamisha kwenye matofali."

"Mama yupi? Nyumba hazina watu bado. Hatujui atakuja nani." Hakunidhihaki, alikuwa anaeleza tu. "Hapa tunapima ukuta. Kimo ni kimoja kwa nyumba zote, kimeandikwa kwenye mchoro."

Nikaufuta mstari ule. Kwa zaidi ya miaka miwili nilikadiria majiko bila kumwona mpishi hata mmoja. Kazi ilikwenda haraka, mshahara ulipanda, na sikuwa nazungumza na mtu yeyote tangu asubuhi mpaka jioni isipokuwa kuhusu mbao. Nilipanga chumba kimoja mjini Geita, chenye kitanda, kiti, na jiko la mafuta ya taa. Nyumbani nilikwenda Krismasi na Pasaka, baadaye Krismasi tu. Upweke ule sikuwa nalijua jina lake. Nilidhani ni uchovu.

Kwa kuwa sasa nilikuwa na kipato, nikaitoa ile karatasi kwenye Biblia. Safari hii sikukata kitu. Niliandika meza, makabati ya chini, makabati ya juu, droo nne, sinki lenye kiburi chake, fomaika ya rangi ya maziwa. Msimamizi wa Tawi aliniuzia mabaki ya mninga kwa bei ya kirafiki, na jioni nilitengeneza kipande kimoja kimoja chumbani mwangu. Milango niliipiga msasa mpaka ikang'aa bila vanishi. Ilinipa raha kubwa. Nilikuwa nalala nikiwa nimezungukwa na jiko la mke wangu.

Mstari wa kwanza wa karatasi ile ulikuwa mtupu. Mama, matofali. Nilikusudia kuujaza Krismasi, nimsimamishe Mama Limi kama nilivyomwahidi, kwenye ua wetu, majirani wakitazama. Lakini Msimamizi wa Tawi alinijia mbio siku moja kuniambia kuna lori linakwenda tupu Kishapu kuchukua marobota ya pamba, dereva ni mtu wake, atabeba jiko langu bure, linaondoka keshokutwa. Ukikadiria kazi utajua kwamba usafiri ndio unaomeza bajeti. Sikuwa tayari kuiacha bahati ile. Ilibaki kukata miguu ya meza, nayo ilihitaji kimo.

Nilikaa kitandani nikafumba macho nimkumbuke mke wangu amesimama. Nilimwona amekaa kwenye kigoda. Nilimwona ameinama shambani. Nilimwona kanisani, amekaa pia. Amesimama, nilimwona kwa mbali tu, barabarani, mimi nikiwa dirishani mwa basi. Na katika kumbukumbu yangu alikuwa mrefu. Nasema kweli, sijui kwa nini. Nikajiambia, mtu unayemkumbuka kila siku huwezi kumkosea. Nikaulaza ubao wa meza juu ya mbao za kujaribia, nikachukua nyanya za chakula changu, nikazikata juu yake. Nikapandisha kidogo, nikakata nyingine. Nilipoona inafaa nikapima kwa matofali, nikaandika kumi na matatu, nikakata miguu.

Nilifika Mhunze na lori, nikakuta Mama Limi hayupo. Alikuwa kwao kwenye msiba wa shangazi yake. Hata nikafurahi, nikasema nitamshtukiza. Dereva alinipa siku mbili. Nilifunga jiko lote na fundi mmoja wa pale, mchana kutwa, siku mbili. Mama Limi alirudi siku ya pili alasiri, bado amejifunga kanga ya msiba, wakati lori linapiga honi barabarani na mimi nakusanya patasi zangu.

"Mama Limi, ingia uone," nikamwita.

Aliingia. Akatembeza mkono juu ya fomaika. Akasimama mbele ya meza na kuweka viganja juu yake. Niliona ukingo wa meza uko karibu na kifua chake. Niliona, siwezi kusema sikuona. Lakini nilikuwa nafungua na kufunga milango nimwonyeshe jinsi bawaba zinavyokwenda bila sauti.

"Wabeja," akasema. Asante, kwa lugha yetu. Neno hilo moja.

"Umefurahi?"

"Wabeja sana, Baba Limi. Lori linakuita."

Hakunisindikiza. Nikajua ni uchovu wa msiba.

Baada ya hapo jiko letu likawa na sifa. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kulitazama, na Mama Limi alilitandika vitambaa vya kufuma, akapanga vikombe vya wageni. Mimi nilipokuja Krismasi nilikuta bado anapikia nje kwenye kigoda. Nikauliza. Alisema mkaa utaharibu fomaika. Mwaka mwingine alisema ugali wa ndani hauna harufu. Mwaka mwingine sikuuliza. Alinipikia, alinipakulia, alinifulia, na hakunitania tena. Lile swali la nitasimama lini lilikuwa limekwisha, nami nikadhani limekwisha kwa sababu nimelijibu. Usiku wa sikukuu tulikaa pamoja tukisikiliza redio, na nilihisi baridi ambayo sikujua inaingilia wapi. Nilirudi Geita nikiwa mpweke kuliko nilivyokuja.

Niliendelea na kazi miaka mingi, ingawa hadithi ya kazi yenyewe inaishia hapo, maana majiko ya baadaye yalikuja ndani ya makasha yamekatwa tayari, na mkadiriaji akawa mtu wa kuhesabu makasha. Mwenye Karakana alifariki, wanawe wakahamia Mwanza. Walinistaafisha kwa heshima, wakanipa saa ya ukutani. Nikarudi Mhunze na futi kamba yangu iliyofutika namba.

Nilikaa na Mama Limi miezi minne tu. Limi, ambaye ameolewa Mwanza, alijifungua, na kwa desturi mama yake akaenda kumuuguza uzazi. Ilikuwa iwe miezi mitatu. Ikawa sita, ikawa mwaka, mtoto akaanza kutembea. Nikipiga simu nilijibiwa vizuri: mtoto ana mafua, Limi amerudi kazini, mvua ni nyingi. Mimi niliyemwachia nyumba miaka yote ile sikuwa na mdomo wa kulalamika. Nilihesabu nikaona bado namdai miezi michache na yeye ananidai miaka, nikanyamaza.

Njaa haistaafu, basi nikaanza kupika. Mzee kukaa kwenye kigoda cha nje na magoti yangu haya haikuwezekana, kwa hiyo nikaviondoa vitambaa na vikombe vya wageni nikaingia jikoni. Fomaika ilikuwa safi kabisa. Nimekagua meza za jikoni maisha yangu yote, na hakuna hata moja niliyoiona ya miaka mingi hivyo bila alama ya kisu. Nikaanza kukata kitunguu. Nikahisi mabega yanashuka. Mikono ikawa inakwenda yenyewe. Na kabla sijafikiri, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hapo."

Niliweka kisu chini. Kitunguu kilinitoa machozi, na mengine hayakuwa ya kitunguu. Nilitoka nje nikatafuta matofali, nikayapanga mbele ya meza. Kumi na matatu. Kimo changu mimi.

Nilimpigia simu mchana huo huo.

"Mhola?" akaniuliza. Salama?

"Mhola duhu," nikajibu. Salama tu. Halafu nikavuta makamasi, nikasingizia kitunguu.

"Baba Limi, unaumwa?"

"Mama Limi, nataka kukuuliza swali la kazi. Ile meza ya jikoni. Wewe ni matofali mangapi?"

Nilisikia mjukuu wetu anagonga sufuria. Kisha akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Limi akiwa shule, "Leo ndiyo unauliza? Nikuulize mimi basi. Alisimama nani pale?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa ilibidi nikae kwenye kigoda chake.

"Ulinisimulia mwenyewe," akasema. "Yule mama wa Mara na meza yake. Nimerudi msibani, nakuta jiko, naweka mikono, meza iko kifuani. Nikajua. Nikasema, kuna mwanamke Geita, tena mrefu, amesimama kwenye matofali niliyoahidiwa mimi. Jiko limemshinda huko, mume wangu ameniletea mimi. Ningepikiaje hapo, Baba Limi? Ningepikiaje?"

"Hakuna mwanamke."

"Meza haikujikata."

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa peke yangu kwenye kile chumba. Nilishindwa kukukumbuka umesimama. Nikakata nyanya zangu juu yake, nikajipima mimi. Kumi na matatu ni mimi, Mama Limi. Nimejua leo."

Sufuria kule Mwanza ikaacha kugongwa. Nilidhani salio limekwisha.

"Miaka yote hii," akasema, "nimemchukia mwanamke ambaye ni wewe." Akaanza kucheka, si kicheko kile cha Pasaka, kilikuwa na kilio ndani yake, na mimi huku nilikuwa nalia waziwazi kama mtoto. Akapenga kamasi. "Kumi na moja," akasema.

"Umejuaje?"

"Nilijipanga matofali siku ile ile, lori lilipoondoka. Nilitaka kujua ananizidi kiasi gani. Mawili. Nilikuwa nangoja uniulize."

"Utarudi lini?"

"Kata kwanza," akasema. "Nimechoka kuambiwa mwakani."

Nilikata. Kazi ya siku moja iliniingia siku nne, kwa sababu mikono siyo ile. Niliishusha meza matofali mawili, na sehemu ya jiko la mkaa mawili tena chini yake, nikapiga msasa, nikaibandika fomaika upya kwenye kingo. Ile karatasi nayo niliitoa kwenye Biblia, nikaufuta mstari wa kwanza na kuandika sawasawa. Ni makadirio pekee niliyoyakamilisha baada ya kazi kwisha.

Basi ninyi vijana mnaopima majiko kwa simu na mashine za mwanga, sina ugomvi nanyi, mashine zenu hazikosei ukuta. Mimi nilikuwa na mstari mmoja tu wa kujaza kwa ajili ya mtu wangu mwenyewe, na nilidhani nalijua jibu lake kwa sababu nampenda. Kumpenda nilimpenda. Kuuliza sikuuliza.

Mama Limi amesema atakuja mtoto akianza chekechea. Bado napika mwenyewe. Nikikata vitunguu siku hizi nainama kama mtu anayetafuta sindano, na ikifika saa saba mchana kiuno kinawaka moto. Jumapili iliyopita alipiga simu baada ya kanisa, tukasalimiana, halafu akauliza kama mgongo unaniuma kwenye ile meza. Nikamwambia unaniuma sana.

"Vizuri," akasema. "Basi umepima sawasawa."